Neno Gumu Halirukwi: Namna ya Kujenga Msamiati kwa Kusoma Vitabu Teule

Utangulizi

Swali hili halikosi kurudi. Mwishoni mwa ufahamu katika Karatasi ya Pili, na mara nyingi mwishoni mwa swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu, mtahiniwa huambiwa aeleze maana ya maneno fulani "kama yalivyotumiwa" katika kifungu au shairi. Alama zake ni chache. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huliacha liwe la mwisho, wakalijibu kwa kubahatisha huku msimamizi akitangaza kwamba dakika zilizosalia ni tano.

Hasara yake lakini si alama hizo tu. Asiyeelewa neno moja katika ubeti hukosa pia maudhui ya ubeti huo, kisha nafsineni, kisha toni. Asiyeelewa neno katika dondoo la tamthilia hushindwa kueleza muktadha wake. Neno moja lililorukwa hubomoa swali zima la alama 20, na mwanafunzi hutoka chumba cha mtihani akidhani kilichomshinda ni uchambuzi, kumbe ni msamiati.

Jambo hili huwalemea hasa wanafunzi wa sehemu kama zetu. Mwanafunzi wa Malakisi, Sirisia au Lwakhakha huzungumza Kibukusu, Kisabaoti au Kiteso nyumbani, Kiswahili cha sokoni akiwa njiani, na Kiingereza katika masomo mengine yote. Kiswahili sanifu hukutana nacho katika vipindi vichache vya wiki na katika vitabu. Pengine kamusi iliyoko shuleni ni moja na darasa lina wanafunzi hamsini. Je, afanyeje? Makala haya yanaonyesha njia ambazo hazihitaji fedha, ila zinahitaji kitabu chenyewe, kalamu na uvumilivu.

Anza na jalada

Wengi hufungua kitabu wakakimbilia ukurasa wa kwanza. Simama kwanza kwenye jalada, kwa maana huko ndiko mwandishi alikoweka neno alilolichagua kwa uangalifu kuliko yote.

Chukua Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Nguu ni kilele cha mlima. Jadi ni asili, ukoo, mambo yaliyorithiwa kutoka kwa waliotutangulia. Ukijua hivyo, tayari una maswali ya kusomea riwaya: ni vilele gani hivyo vya urithi? Nani amekaa juu yake na nani anatakiwa kuvikwea? Wewe unayeuona Mlima Elgon kila asubuhi huna sababu ya kulisahau neno nguu.

Chukua tena Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Bembea ni kile chombo cha kamba ambacho watoto hukikalia kikawapeleka mbele na kuwarudisha nyuma, kikawainua na kuwashusha. Neno ni jepesi, lakini likiunganishwa na maisha huwa sitiari. Unaposoma habari za Sara na Yona, jiulize ni wapi bembea imepanda na ni wapi imeshuka.

Kuna pia Mapambazuko ya Machweo. Kupambazuka ni kuanza kwa mwanga wa alfajiri. Machweo ni wakati jua linapotua. Itawezekanaje machweo yakapambazuka? Mwandishi ameweka pamoja maneno mawili yanayopingana kimaana, yaani ametumia tanakuzi. Mwanafunzi asiyejua machweo ni nini hawezi kuiona tanakuzi hiyo hata kama amekariri fafanuzi za tamathali zote za usemi.

Neno lina ukoo

Neno machweo linaonekana geni, lakini lina ndugu unaoishi nao. Kitenzi chake ni kuchwa, yaani jua kutua. Katika matamshi mengine kitenzi hicho ni kutwa. Ndiyo maana tunasema "mchana kutwa", tukimaanisha hadi jua litue, na "kesho kutwa". Ndiyo maana pia shule ambayo wanafunzi wake hurudi nyumbani jioni huitwa shule ya kutwa. Kinyume chake ni kucha, yaani mwanga kutokea. Ndipo tukapata "usiku kucha", "kumekucha" na macheo, wakati wa jua kuchomoza. Macheo na machweo hutofautishwa na herufi moja tu, na mtahiniwa anayeiangusha herufi hiyo ameugeuza usiku kuwa mchana.

Hii ndiyo njia ya kwanza ya kulifikia neno adimu: ulitafutie ukoo. Kiswahili huzaa maneno kwa kunyambua. Ukikutana na utengano, ondoa viambishi ubaki na tenga. Ukikutana na mlariba, ligawe: mla, kisha riba. Ni mtu anayekopesha fedha na kudai nyongeza, anayejilisha kwa riba. Neno limejieleza lenyewe kabla hujafungua kamusi.

Maneno yaliyotoka katika Kiarabu nayo yana koo zake, na utazitambua kwa konsonanti zinazojirudia. Kitabu, katibu na maktaba yana k-t-b. Hesabu, hisabati na mhasibu yana h-s-b. Darasa na madrasa yana d-r-s. Ukikutana na mudarisi katika shairi, utasikia d-r-s ndani yake, na hutashangaa ukiambiwa kwamba ni mwalimu.

Wakati mwingine neno tunalolitumia kila siku darasani lina maana ya zamani inayoliangaza. Maswali ya fasihi hutuambia "chambua". Kabla ya kuchambuliwa vitabu, ilichambuliwa pamba: nyuzi zikatengwa na mbegu. Malakisi inajulikana kwa kiwanda chake cha kuchambua pamba, na wazee wengi wa hapa walilima zao hilo. Mama naye huchambua mboga, akatenga majani na mashina. Basi swali likikwambia uchambue mhusika, usisimulie hadithi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tenga sifa moja baada ya nyingine, uweke kila moja peke yake pamoja na mfano wake kutoka kitabuni.

Dalili tatu katika kifungu

Katika chumba cha mtihani hakuna kamusi. Kuna kifungu tu, na kifungu hubeba dalili. Soma mfano huu:

Baada ya mahindi kuharibiwa na mvua ya mawe, Nasimiyu hakuwa na budi kumwendea mlariba wa pale sokoni. Alikopeshwa shilingi elfu tano, na mwisho wa mwezi alitakiwa kurejesha elfu saba. Alirudi nyumbani amesawijika, hata wanawe wakamwuliza kama alikuwa mgonjwa.

Dalili ya kwanza imo ndani ya neno lenyewe. Tumekwisha kuiona katika mlariba.

Dalili ya pili imo kwa majirani wa neno. Tazama kinacholitangulia na kinacholifuata. Elfu tano imekuwa elfu saba kwa mwezi mmoja, na hilo linathibitisha kwamba mlariba si rafiki wa kukopesha kwa hisani. Vivyo hivyo, kilichofuata baada ya amesawijika ni watoto kuuliza kama mama ni mgonjwa. Hawakumsikia akilia, ila walimtazama. Basi neno linahusu sura.

Dalili ya tatu imo katika tukio zima. Mavuno yamepotea na deni limeingia. Mtu huyu ana huzuni na wasiwasi. Unganisha dalili ya pili na ya tatu upate jibu: amesawijika ni amepoteza nuru ya uso kwa sababu ya huzuni.

Sasa angalia namna ya kuliandika jibu hilo. Neno lililoulizwa ni kitenzi, tena katika wakati uliotimilika. Jibu nalo liwe kitenzi katika hali hiyo hiyo: amekosa nuru usoni, ameharibika sura kwa huzuni. Mwanafunzi anayeandika "huzuni" ametoa nomino mahali pa kitenzi. Jaribio rahisi ni kulitia jibu lako katika sentensi mahali pa neno lile. "Alirudi nyumbani ameharibika sura kwa huzuni" ni sentensi sahihi. "Alirudi nyumbani huzuni" si sentensi. Jibu lisiloweza kukaa katika nafasi ya neno lililoulizwa lifanyie marekebisho.

Kumbuka pia maneno yale, "kama yalivyotumiwa". Kigogo ni gogo dogo la mti, na pia ni mtu mwenye cheo na uwezo mkubwa. Katika tamthilia ya Pauline Kea, anayezungumziwa ni mtawala. Mtahiniwa anayeeleza kuhusu mti hajasema uongo, lakini hajajibu swali.

Lugha ya nyumbani: ngazi na mtego

Usiidharau lugha ya mama unapojifunza Kiswahili. Anayezungumza Kibukusu anaanza safari akiwa mbele. Omundu ni mtu, babandu ni watu, kamechi ni maji. Kiambishi khu- cha vitenzi ni ku- ya Kiswahili. Unapokutana na neno geni la asili ya Kibantu, litamke kwa sauti uone kama lina ndugu nyumbani kwenu.

Hata hivyo, ngazi hiyo hiyo ni mtego. Kumusala ni mti kwa Kibukusu, lakini msala kwa Kiswahili ni mkeka wa kuswalia, na msalani ni chooni. Pia kuna suala la matamshi. Kibukusu hakitofautishi sauti kama Kiswahili kinavyofanya, hivyo baadhi yetu huandika t mahali pa d, k mahali pa g, p mahali pa b na ch mahali pa j. Matokeo yake si kosa la tahajia tu, kwa sababu neno jingine kabisa huzaliwa. Damu ikawa tamu. Wafanyakazi waliogoma wakawa wamekoma. Bata akawa pata. Janga likawa changa. Andika vitate hivi katika jozi, uvitamke kwa sauti na mwenzako, na kila mmoja amsahihishe mwenziwe.

Kwa wanaozungumza Kisabaoti au Kiteso, lugha hizo si za Kibantu, na msaada wa aina hii ni mdogo. Faida yao ni kwamba hawabebi mazoea ya lugha jirani yanayoweza kuwapotosha. Wao wategemee zaidi ukoo wa neno ndani ya Kiswahili chenyewe.

Lipe neno kitu cha kushikilia

Neno lisilo na kitu cha kushikilia huanguka. Katika fasihi simulizi wanafunzi hukariri orodha ya nyimbo, kisha huzichanganya. Iunganishe kila istilahi na jambo ulilolishuhudia. Nyiso ni nyimbo za jandoni. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa kama 2022 na 2024, na hakuna mtoto wa Bungoma asiyezijua nyimbo zinazoimbwa msimu huo. Umejifunza maneno mawili kwa mpigo: nyiso, na shufwa, yaani nambari inayogawika kwa mbili bila kubakisha. Ile isiyogawika hivyo ni witiri.

Endelea hivyo hivyo. Mbolezi ni nyimbo za maombolezo, na umezisikia kwenye matanga. Bembelezi ni nyimbo za kumtuliza mtoto alale. Hodiya ni nyimbo za kazi. Wawe ni nyimbo za wakulima, nawe umeshika jembe. Kimai ni wimbo wa shughuli za baharini. Hapa hatuna bahari, basi mfikirie mvuvi akivuta nyavu, ulishike neno kwa picha hiyo. Sherehe zote hizi, tohara, ndoa na mazishi, ni miviga.

Usiogope neno kwa sababu halisikiki mtaani. Runinga lilikuwa neno la kuchekesha kwa wengi lilipoanza kutumiwa. Huhusishwa na Ahmed Sheikh Nabhany, mtaalamu na malenga wa Lamu, na husemekana limeundwa kutokana na rununu, yaani habari zinazoenea, na maninga, yaani macho. Leo mtangazaji wa habari hulitamka kila jioni na hakuna anayecheka. Neno adimu huwa la kawaida likipata watu wa kulitumia ipasavyo.

Maneno ya kujitapa

Kuna daftari zinazozunguka shuleni zikiwa na orodha ndefu za "misamiati mizito" ya kupamba insha. Mwanafunzi hukariri maneno arobaini usiku mmoja na kuyamimina yote katika aya moja. Mtahini hapimi uzito wa neno. Hutazama kama limeingia mahali pake.

Angalia mifano. Ghulamu ni kijana wa kiume. Msichana ni banati. Ajuza ni mwanamke mzee sana, na shaibu ni mwanamume mzee, kwa hiyo ajuza hawezi kuwa na mke na ndevu. Adinasi ni mtu wa ukoo bora, mwungwana. Anayeandika kwamba "adinasi yule aliiba kuku" amemsifu mwizi, isipokuwa kama alikusudia kinaya. Aghalabu ni mara nyingi. Wapo wanaolitumia kwa maana ya mara chache, ambayo ni nadra.

Viunganishi ndivyo vinavyoumiza zaidi, kwa kuwa vikipotoka hoja yote hupotoka. Fauka ya ni zaidi ya. Minghairi ya ni bila ya. Ilhali huonyesha mambo mawili yanayokinzana. Maadamu ni kwa kuwa, au muda wote ambapo. Ukiandika "minghairi ya umaskini, Sara alikabiliwa na ugonjwa" ukidhani unaongeza hoja, umesema kwamba hakuwa maskini.

Shika kanuni hii: neno usiloweza kulitungia sentensi tatu tofauti bado si lako, usilipeleke katika mtihani. Insha iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida yaliyopangwa vizuri, yenye maneno manne au matano adimu yaliyokaa mahali pake, husomeka vizuri kuliko ile iliyojaa maneno ya kuazima.

Daftari la maneno

Tenga daftari moja kwa kazi hii. Ugawe ukurasa katika safu tano:

1. Neno.
2. Sentensi uliyolikuta ndani yake, pamoja na ukurasa wa kitabu.
3. Maana uliyokisia kutokana na dalili.
4. Maana iliyo katika kamusi inayofaa sentensi hiyo.
5. Sentensi yako mwenyewe.

Safu ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuu. Ukikisia kwanza, kisha ukalinganisha na kamusi, unafanya mazoezi ya kile utakachotakiwa kufanya siku ya mtihani. Ukikimbilia kamusi moja kwa moja, umejifunza neno hilo tu.

Chagua maneno matano tu kwa kila sura au onyesho. Kama kamusi ni moja darasani, gawaneni: kundi moja litafute maneno ya sura ya kwanza, jingine ya pili, kisha mfundishane. Yarudie maneno yako kesho yake, baada ya wiki moja, na tena mwisho wa mwezi. Funika safu ya nne na ujaribu kuitaja kabla ya kuifunua. Neno ambalo umelikumbuka mara tatu kwa siku zilizoachana hudumu kuliko lile lililokaririwa mara thelathini usiku mmoja.

Jambo la mwisho. Mwongozo kama huu hukupa muhtasari, maudhui na wahusika, lakini hauwezi kukupa msamiati wa mwandishi, kwa sababu tunapofupisha tunayaacha maneno yake na kutumia yetu. Dondoo la mtihani hutolewa kitabuni, wala halitolewi katika mwongozo. Anayesoma mwongozo peke yake hukutana na maneno ya mwandishi kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, na siku hiyo si ya kujuana. Soma kitabu kwanza, kisha uje hapa.

Zoezi

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Khaemba alikuwa mkwasi wa kutajika, lakini alikuwa bahili kupindukia. Jirani akija kuomba chumvi, alijibiwa kwa ukali hadi akaondoka ametahayari. Siku moto uliposhika ghala lake, wanakijiji walifika wote na ndoo za maji. Walipambana na moto huo usiku kucha pasipo kudai ujira. Macheo yalipofika, ghala lilikuwa limesalimika nusu. Khaemba alikosa la kusema, akainamisha kichwa.

(a) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika kifungu: mkwasi, bahili, ametahayari, ujira. (alama 4)
(b) Onyesha uhusiano uliopo kati ya "usiku kucha" na "macheo". (alama 2)
(c) Kwa nini Khaemba aliinamisha kichwa? (alama 2)
(d) Tunga sentensi mbili kutofautisha macheo na machweo. (alama 2)

Mwongozo wa majibu

(a) Mkwasi: tajiri. Bahili: mchoyo, asiyependa kutoa mali yake. Ametahayari: ameona haya, amefedheheka. Ujira: malipo ya kazi.
(b) Yote yanatokana na kitenzi cha, yaani mwanga kutokea. Usiku kucha ni usiku wote hadi mwanga utokee, na macheo ni wakati jua linapochomoza.
(c) Aliona aibu, kwa kuwa watu aliowanyima chumvi ndio waliomwokolea mali yake bila kutaka malipo. Mwanafunzi ataje mambo yote mawili: aliyowatendea na waliyomtendea.
(d) Kadiria sentensi za mwanafunzi. Macheo yahusishwe na asubuhi, machweo na jioni. Mfano: Tuliondoka Malakisi wakati wa macheo tukafika Kitale mapema. Ng'ombe walirudishwa zizini wakati wa machweo.